Nyigu vimelea: umpange kwa ukoo, kwa umbo au kwa kazi yake?

Chini ya mwembe wangu wa ngowe hapa Gede, nje kidogo ya Malindi, situpi tena maembe yanayoanguka. Msimu uliopita niliokota kumi na mawili yaliyodungwa na nzi wa matunda, nikayalaza ndani ya ndoo yenye mchanga mkavu, nikaifunika kwa kipande cha leso kuukuu na kukikaza kwa mpira wa tyubu. Siku ya tatu ua mzima ulinuka kama tembo la jana. Wiki ya tatu nilipofunua, pembeni mwa ndoo walikuwamo nzi, kama nilivyotarajia, na kati yao vijidudu vyembamba vyenye viuno, vipapasio vyao havitulii, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mmoja alikuwa na uzi nyuma, mrefu kuliko mwili wake. Mpwa wangu akachungulia.

"Shangazi, huyu ni mbu amegeuka?"

Nikamwambia ni nyigu. Akacheka. Kwake yeye nyigu ni dondora anayejenga chini ya makuti na kukuvimbisha jicho ukimsogelea. Nyigu mdogo kama chungu, asiyeuma, aliyezaliwa ndani ya nzi, hilo aliliona ni la kutungwa.

Simlaumu. Kiswahili chetu kina nyigu, dondora na mavu, na majina yote hayo tumewapa wale wakubwa wenye miiba. Hawa wadogo, ambao kwa wingi wa spishi wanawaacha wakubwa mbali sana, tunawaita vidudu, basi. Ni nyigu vimelea: jike hutaga yai ndani ya mdudu mwingine au juu yake, buu akitoka humla mwenyeji wake, na mwisho wa yote mwenyeji hufa. Hapo ndipo wanapoachana na kupe na chawa, ambao hunyonya wakashiba, na kwa kawaida mwenyeji hubaki hai. Wataalamu huwaita parasitoidi ili wasichanganywe na hao.

Niliwatia kwenye vichupa vya dawa vilivyojaa spiriti. Kisha nikakaa na karatasi na penseli (wino huyeyuka kwenye spiriti, nilijifunza kwa hasara) nikijiuliza niandike nini. Zipo njia tatu za kuwapanga wadudu hawa, nimezitumia zote, na kila moja imewahi kuniongoza na kuwahi kunipoteza. Anayeanza leo, awe mkulima wa maembe, mfugaji wa vipepeo au mwanafunzi, atalazimika kuchagua aanzie wapi.

Kwa ukoo

Hii ndiyo njia ya vitabu. Nyigu wote wamo katika oda ya Hymenoptera pamoja na nyuki na chungu, mpangilio ambao Carl Linnaeus aliuweka mwaka 1758. Wakati huo nyigu vimelea wengi aliowajua aliwarundika katika jenasi moja tu, Ichneumon. Leo familia ya Ichneumonidae peke yake ina zaidi ya spishi 25,000 zenye majina, na jirani yake Braconidae ina zaidi ya 20,000. Ukizijumlisha hizo mbili, zinazidi spishi za ndege wote duniani kiasi cha mara nne.

Mgawanyo ambao mwanafunzi wa hapa bado atakutana nao ni huu: oda ina nusuoda mbili, Symphyta wasio na kiuno na Apocrita wenye kiuno. Apocrita nao wamegawanywa mafungu mawili, Parasitica, yaani wanaotaga ndani ya wenzao, na Aculeata, wenye mwiba wa sumu. Unaingia kichwani upesi, na mtihanini unakupa alama. Kasoro yake ni kwamba haufuati nasaba, na ukiufuata kwa majina yake utapotea hata ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Nyumba nyingi za Malindi zina mende, na penye mende huenda ukamwona Ampulex compressa, nyigu wa kijani kinachong'aa kama pete ya kioo, mapaja yake mekundu. Humchoma mende mara mbili, ya kwanza kifuani, ya pili ndani ya ubongo kwa ustadi wa daktari, na mende akawa hai lakini hana hiari. Kisha humkata ncha za vipapasio, akamshika kipapasio kilichobaki na kumkokota hadi shimoni kama mtu anayemvuta mbuzi kwa kamba. Humtagia yai mguuni, akaziba mlango. Buu humla mende akiwa hai. Sasa niambie, kuna umelea kuliko huo? Lakini kwa mgawanyo ule huyu ni Aculeata, ndugu wa nyuki na chungu, si Parasitica.

Sababu ni kwamba wenye miiba walitoka ndani ya ukoo wa wanaotaga kwa wenzao. Mwiba wenyewe ni mrija wa kutagia uliobadilishwa kazi, ndiyo maana nyuki dume hana cha kukuchoma. Kuandika Parasitica kando na Aculeata ni sawa na kuandika ukoo wa babu ukawaacha nje wajukuu wa binti mmoja kwa kuwa walihamia Mombasa. Damu ni ile ile. Kwa upande wa pili wapo Orussidae, hawana kiuno, kwa hiyo waliwekwa kapu moja na Symphyta, lakini mabuu wao hula mabuu wa wadudu wengine ndani ya mbao. Utafiti wa mwaka 2017 uliolinganisha jeni 3,256 ulionyesha kuwa tabia hii ya kumla mwenyeji hadi afe ilianza mara moja tu, kwa babu mmoja wa Orussidae na wote wenye kiuno. Nyuki wa asali, tunayemkaribisha mezani, ni mjukuu wa vimelea.

Hayo tisa, kumi ni majina kuhamahama. Telenomus, nyigu mweusi mdogo anayetaga ndani ya mayai ya nondo, alikuwa Scelionidae. Mwaka 2007 familia nzima ikaingizwa ndani ya Platygastridae. Mwaka 2021 ikatolewa tena, Scelionidae ikarudi. Mdudu mwenyewe hakusogea hata hatua. Pteromalidae nayo ilikuwa kama droo ya jikoni: kila asiyejulikana pa kuwekwa alitupwa humo. Mwaka 2022 droo ikamwagwa, na familia ya juu ya Chalcidoidea, yaani kundi lenye familia nyingi ndani yake, ikafikia familia 50, karibu mara mbili ya zilizokuwapo. Spalangia, anayetoboa pupa za nzi kwenye samadi na takataka, akapata familia yake mwenyewe, Spalangiidae. Lebo zangu za zamani zinasema Pteromalidae. Sikuwa nimekosea nilipoziandika.

Kwa hiyo ukoo ni wa kuachana nao? La. Ni njia pekee inayomruhusu mtu wa Malindi kuelewana na mtu wa Benin au wa Hawaii kuhusu mdudu mmoja. Tena inabashiri: ukishajua kuwa uliyenaye ni Encyrtidae, unaweza kukisia kuwa ndugu zake wengi hushambulia vidung'ata, wale wadudu wadogo wenye unga mweupe wanaofyonza mimea, na wadudu wa magamba, hata kabla hujamwona akifanya kazi. Ndivyo Anagyrus lopezi alivyotafutwa. Kidung'ata wa muhogo alipoharibu mashamba ya Afrika, watafiti walikwenda Amerika ya Kusini alikotoka, wakampata nyigu huyu Paraguay, na mwaka 1981 akaachiliwa Nigeria. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo na baadaye akawa mkurugenzi wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu mwenyewe katika safari hiyo ameitwa Epidinocarsis, Apoanagyrus na sasa Anagyrus. Jina la pili, lopezi, halikuguswa. Ukitafuta habari za mdudu, tafuta kwa jina la pili pia.

Kwa umbo

Hapa unahitaji kioo cha kukuza mara kumi, mkono usiotetemeka, na jua la asubuhi. Simu nzuri yenye lenzi ya kubandika inatosha kwa mengi.

Anza na bawa la mbele. Likiwa na mishipa mingi inayogawa vyumba, na vipapasio ni virefu vyenye pingili nyingi kama uzi wa shanga, uko kwa Ichneumonidae au Braconidae. Kuwatenganisha hao wawili ni suala la mshipa mmoja. Upande wa chini wa bawa, kuelekea nchani, Ichneumonidae wana mishipa miwili inayokatiza kurudi nyuma, Braconidae karibu wote wana mmoja. Mimi huuliza: vijito viwili au kimoja? Zaidi ya hapo, kwa Braconidae bamba la pili na la tatu la mgongo wa tumbo yameungana, hayapindani kama bawaba. Nyigu wangu wawili wa kwenye ndoo walikuwa na kijito kimoja. Braconidae.

Bawa likiwa jeupe tupu, na mshipa mmoja tu unaopita ukingoni na kutoa kijitawi kama kidole gumba, huyo ni Chalcidoidea. Vipapasio vyao vimepinda kama kiwiko, na wengi wanang'aa kijani au shaba. Wamo wadogo wasioaminika: dume la Dicopomorpha echmepterygis, lililoelezwa mwaka 1997, lina urefu wa milimita 0.139, halina mbawa wala macho. Humu humu pia wamo nyigu wa mikuyu. Pasua tunda la mkuyu ulioiva, wale vijidudu wanaotoka ni Ceratosolen na wenzake, wanaochavusha maua yaliyofichika ndani. Kwa umbo na ukoo wako na vimelea, kwa kazi ni wakunga wa mti. Liweke hilo akilini.

Weusi tii, vipapasio vya kiwiko vilivyoota karibu kabisa na mdomo, tumbo lenye makali ubavuni kama mbegu ya tikiti: Platygastroidea, na wengi wao ni wa mayai.

Wengine hawahitaji kioo. Dada yangu aliyeolewa Lamu alinitumia picha ya nyigu mweusi ukutani kwake, miguu mirefu, tumbo dogo lililobandikwa juu mgongoni kama bendera, na lilikuwa likipepea. "Nishike dawa nimpulizie, dada nakuuliza, maana watoto wanalala chumba hiki." Nikamjibu amwache, hana sumu ya kumdhuru mtoto. Ni Evania appendigaster, na alichofuata chumbani ni vile vifuko vya kahawia vya mayai ya mende nyuma ya kabati. Hutaga yai moja kwa kifuko, na buu wake huyala mayai yote. Akanijibu kwa kicheko cha sauti cha nusu dakika, kisha akaniuliza kama naweza kumpelekea wengine.

Na kwenye ukuta wa nje, penye vibumba vya udongo vya nyigu mfinyanzi, ukiona mdudu wa kijani na buluu kama mafuta juu ya maji, anayejikunja duara ukimgusa, ni Chrysididae. Anavizia vibumba vya mwenzake ili atage humo.

Umbo lina faida ya kutobadilika na vikao vya wataalamu. Mshipa wa bawa uliokuwapo jana upo leo. Lakini lina ukuta wake. Nitatoa mfano wa mahindi, maana hapa pwani una historia. Funza wa mabua aitwaye Chilo partellus alitoka Asia. Nyigu wetu wa asili, Cotesia sesamiae, hakumweza vya kutosha, kwa hiyo ICIPE ikamleta Cotesia flavipes kutoka Pakistan mwaka 1991 na kumwachilia hapa pwani mwaka 1993. Akashika. Ukiwaweka hao wawili chini ya kioo changu, ni punje mbili za ufuta. Wataalamu huwatenganisha kwa viungo vya uzazi vya dume, au kwa jeni. Tena ndani ya sesamiae peke yake kuna makabila: wa pwani akitaga ndani ya funza wa bara, Busseola fusca, mayai yake huzingirwa na chembe za damu za funza na kufa, ilhali wa Kitale hupona humo na kutoka salama. Sura moja, jina moja, uwezo mbalimbali. Na mwaka 2017 wengine waliokuwa wakihesabiwa katika sesamiae wakatambuliwa kuwa spishi nyingine kabisa, Cotesia typhae. Mtu anayechagua nyigu wa kuachilia shambani kwa kutazama umbo tu anaweza kupeleka askari wa pwani kwenye vita vya bara.

Kwa kazi

Njia hii haimuulizi mdudu ni mtoto wa nani. Inauliza: anamshambulia nani? Akiwa yai, buu, pupa au mkubwa? Anataga ndani au juu ya ngozi? Na akishataga, mwenyeji anaendelea na maisha au anakoma hapo hapo?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito, nami hulifananisha na nyama. Wapo nyigu wanaochinja: humchoma mwenyeji, hakui tena, hatembei tena, na buu hula kilichopo. Hao huitwa idiobionti. Wapo wanaofuga: yai huwekwa, mwenyeji huendelea kula na kunenepa kama mbuzi wa Idi, na siku ya kuchinjwa huja baadaye. Hao ni koinobionti. Mchinjaji hahitaji urafiki na mwenyeji, kwa hiyo mara nyingi hushambulia wadudu wa aina nyingi. Mfugaji lazima aishi ndani ya mwili ulio hai unaojitetea, hivyo huwa na mwenyeji mmoja au wachache anaowajua kwa undani. Cotesia, kwa mfano, pamoja na mayai humtia kiwavi virusi vinavyolegeza kinga yake. Ukitaka nyigu wa kuagiza kutoka nje na kumwachilia, mfugaji ni salama zaidi, kwa kuwa hatawageukia wadudu wengine kirahisi. Kwa swali hili la nyama ukoo haukusaidii sana, maana ndani ya Braconidae wamo wachinjaji na wamo wafugaji.

Sasa turudi kwenye ndoo, maana ndiko nilikoteleza. Nilidhani kupanga kwa kazi ni rahisi: mdudu ametoka kwenye pupa ya nzi, basi mwandikie "wa pupa". Kosa. Nzi anayetusumbua, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa hapa pwani mwaka 2003, akapewa jina la B. invadens, na mwaka 2015 ikakubaliwa kuwa ni yule yule wa Asia. Maadui zake wawili waliletwa na ICIPE. Fopius arisanus, aliyechukuliwa Hawaii mwaka 2006, hutaga ndani ya yai la nzi chini ya ganda la embe. Yai la nzi huanguliwa, buu hula embe, huanguka mchangani, huwa pupa, na ndipo nyigu hutoka. Diachasmimorpha longicaudata, yule mwenye uzi mrefu, hutaga ndani ya buu aliyekwisha kukua, akimsikiliza anavyotikisika ndani ya nyama ya tunda. Naye hutoka kwenye pupa. Kisha wapo wanaoishambulia pupa yenyewe udongoni. Wote watatu hutokea mlango mmoja. Ukimhukumu mtu kwa mlango aliotokea, hutajua alipoingia.

Mwaka huu nikatumia vyombo vitatu, na hii naishauri kwa yeyote mwenye mwembe. Cha kwanza: maembe yaliyo bado mtini, yenye alama mbichi za kudungwa, tone la utomvu bado linalia. Nikayafunika siku ile ile. Watakaotoka humo waliingia wakati wa yai, hawakuwa na nafasi nyingine. Cha pili: maembe yaliyoanguka, yamelainika, yamelala chini siku mbili tatu. Humo wamo wa yai na wa buu pamoja. Cha tatu: udongo wa chini ya mwembe, kina cha vidole vinne, niliouchekecha kwa chekecheo la unga na kuokota pupa moja moja, kahawia kama punje za mchele wa kuchomwa. Humo wanaongezeka wa pupa.

Cha kwanza kilinipa Braconidae weusiweusi, wenye mrija mfupi. Cha pili kikaongeza wale wekundu wenye uzi. Cha tatu kikanipa mgeni: mfupi, mweusi, mapaja ya nyuma yamevimba kama ya panzi, na kichwani pembe mbili. Bawa tupu, mshipa mmoja, kwa hiyo Chalcidoidea, na mapaja yale ni ya familia ya Chalcididae. Pembe zilimtaja jenasi: Dirhinus, ambaye huzipitisha kwenye udongo akitafuta pupa. Na hapa uniangalie vizuri: bila umbo nisingemjua jina, bila chombo cha tatu nisingempata kabisa, kwa sababu ndoo ya msimu uliopita ilikuwa imefunikwa kabla pupa hazijawapo.

Kwa mkulima, tofauti hizi ni hela. Akifukia maembe yaliyoanguka kina kirefu, kama tunavyoshauriwa, anazika nzi na pia anazika nyigu wa yai na wa buu walio ndani yao. Dawa yake ni hema la wavu wenye matundu yanayompitisha nyigu mwembamba na kumzuia nzi mnene: maembe mabovu yanatupwa humo, nyigu wanarudi shambani, nzi wanafia ndani. Lakini kwa Dirhinus hema halina maana, yeye yuko nje udongoni, na kinachomuua ni dawa inayomwagwa chini ya mti.

Kwa mfugaji wa vipepeo mambo ni kinyume, nyigu ndiye adui. Hapa Gede, tangu mradi wa Kipepeo uanze mwaka 1993, majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga pupa za vipepeo za kuuzwa nje, nami nilijaribu kwa miaka kadhaa. Nilikuwa na pupa za Papilio demodocus, yule wa majani ya mlimau, zimening'inia kwenye vijiti barazani, nzuri, kijani kibichi. Zilipofika wiki moja na nusu, nne zilikuwa nyepesi mkononi kama maganda ya njugu, na kila moja ina tundu la mviringo safi, kama limetobolewa kwa sindano ya cherehani. Nikakimbilia kubadilisha wavu wa viwavi. Nilipoteza bure wavu na wiki mbili, kwa kuwa niliyemkamata baadaye akizungukazunguka barazani alikuwa Brachymeria, Chalcididae mwenye mapaja manene, na yeye hutaga kwenye pupa. Viwavi wangu hawakuwa na tatizo. Kilichotakiwa ni kuzifunika pupa tangu saa ya kwanza, zikiwa bado laini. Kama ningekuta nyigu wa mayai ningefanya jambo jingine: kuyaokota mayai mapema asubuhi kabla hawajayafikia. Jina la familia lilinisaidia hapa kwa sababu moja tu, lilinipeleka kwenye kazi.

Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, swali la kazi ndilo lililotangulia. Telenomus remus na Trichogramma huua kikiwa yai, kabla jani halijaliwa. Cotesia icipe, aliyepewa jina mwaka huo huo wa 2017, huua kikiwa kiwavi, jani limekwisha kutobolewa. Mkulima anayeuza mahindi mabichi barabarani Malindi, mnunuzi wake hufunua ganda kwanza, atampenda wa yai.

Njia hii nayo ina mtego. Wapo nyigu wanaotaga ndani ya nyigu wengine, vimelea wa vimelea. Ukimkuta ametoka kwa kiwavi utamsifu kumbe ndiye aliyemuua askari wako.

Basi ushike ipi

Mkulima na mfugaji waanze na kazi, na wasione haya kuandika "wa yai, nzi wa embe" kabla ya kujua jina lolote la Kilatini. Ukiweza vyombo vitatu, utajua shambani mwako zaidi ya anayejua majina mia. Mpiga picha na mwalimu waanze na umbo, na picha ya bawa lililonyooshwa ina thamani kuliko picha kumi za mdudu juu ya ua. Mwanafunzi hana ujanja, ukoo utamfuata mtihanini, ila ningemwomba mwalimu wake aache kufundisha Parasitica na Aculeata kama ndugu wawili wa kulingana. Afundishe familia za juu moja kwa moja: Ichneumonoidea, Chalcidoidea, Platygastroidea, Evanioidea. Ni majina manne, hayazidi ya mitaa ya Malindi anayoijua tayari.

Mimi naandika lebo kwa mistari mitatu. Wa juu, mahali, mti na chombo. Wa kati, mwenyeji na hatua aliyoingiliwa. Wa chini, familia, kwa penseli nyepesi, na nimeacha nafasi ya kukata na kuandika tena.

Wiki jana jirani aliniletea bua la hindi lililopasuliwa, ndani yake vifukofuko vyeupe vya Cotesia vimeshikana kama pamba ya sikio. Walitoka weusi ishirini na sita, na siku nne baadaye, kutoka vifuko vile vile, wakatoka wawili wa kijani kinachong'aa, nusu ya ukubwa wa wale. Mpwa wangu ndiye aliyewaona kwanza. Mstari wa juu nimejaza. Wa kati nimeandika "Cotesia, ndani ya funza wa bua". Wa chini, chini ya kioo nimeona mshipa mmoja na kiwiko, si zaidi, na mpaka leo mstari huo uko wazi.